Wimbo wa Fundi wa Paa

Luan alikuwa juu ya mforsadi akichuma majani ya kulisha viwavi wa hariri, huku akiimba wimbo aliotunga mwenyewe: "Fundi wa paa, rudi kesho, ulipoziba pameanza kuvuja, na mume wangu amelala fofofo." Wenzake walicheka hadi wakashikilia matawi.

Chini akatokea Bwana Xi Pan na kengele yake. Kila masika alitumwa vijijini kukusanya nyimbo, ili mtawala azisikie na kujua hali ya watu wake. Akauandika ule wimbo kwenye kipande cha mwanzi.

"Wimbo mzito huu," akasema. "Paa ni nchi. Fundi ni waziri mwema. Kuvuja ni taabu ya raia."

"We mzee, fundi ni fundi!" Luan akamjibu. "Ana mabega hivi! Hayo mengine umeyatoa wapi?"

"Mama, kazi ya wimbo ni kufunza."

"Haya, nifunze. Mume wangu ni nani humo?"

Xi Pan alishakolea. "Si ndiye mtawala!"

Luan akaangua kicheko. "Hapo umepatia! Nyumba inaliwa, yeye anakoroma tu!"

Uso wa Xi Pan ukasawajika. Akatazama huku na huku, akachomoa kisu, akaukwangua ule mwanzi mpaka maneno yote yakatoka, kisha akaandika upya: "Raia wana furaha, wanachuma majani."

Mtawala alisomewa wimbo huo baada ya chakula. Akatabasamu, akalala fofofo.