Hori la Nyuma ya Bomba Mbili

Celestine Khaemba na Chelangat waligombana kabla hata hawajasalimiana.

Chelangat, msanifu wa majengo, alikuwa amesimama mbele ya wafanyabiashara wa mtaa wa Bondeni katika ukumbi wa kanisa, akiwaonyesha picha za bomba la kale lililo kwenye bustani karibu na stesheni ya reli. Kaunti ilikuwa imempa kazi ya kulifufua. Wote waliokuwa ukumbini walilijua: mnara wa mawe ya kijivu uliokauka tangu wakiwa watoto. Mbele palikuwa na bakuli la jiwe lililochongwa kama ua, na juu yake kichwa cha simba wa shaba aliyetema maji. Nyuma palikuwa na hori refu, chini kabisa, usawa wa goti. Kwa sababu hiyo watu waliliita Bomba Mbili.

"Ndani kuna tangi mbili," Chelangat alieleza. "Ile ya mbele iliwekwa udongo mweupe wa Kariandusi wa kuchuja maji. Mzungu alikunywa maji safi akiwa amesimama. Hori la nyuma lilipata maji machafu vile yalivyokuja. Lilikuwa la punda na Waafrika. Nitarudisha pande zote mbili vile zilijengwa."

Celestine akainuka. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, muuza mitumba, na sauti yake ilizoea kushinda kelele za soko.

"Zote mbili?"

"Ndio, mama. Ni historia."

"Historia ya nani? Babu yangu alikuwa mpagazi wa reli. Siku moja akiwa na homa alikunywa maji ya mbele. Walimlaza chini wakamchapa viboko hapo hapo, watu wakiangalia. Sisi hatukuruhusiwa hata kukanyaga upande wa mbele wa hiyo bustani. Na wewe msichana unakuja na kompyuta yako kututengenezea mahali pa kupiga magoti?"

Watu wakapiga makofi. Chelangat alisubiri wanyamaze.

"Nikilivunja hilo hori, mjukuu wako ataona simba wa shaba peke yake. Atadhani babu yako alikunywa hapo na wazungu kama marafiki."

"Na ukilitengeneza, atapiga magoti hapo akicheka."

"Watu si wajinga hivyo."

"Usinifundishe watu," Celestine akasema, akatoka nje, na nusu ya ukumbi ikamfuata.

Mafundi walipofika bustanini walimkuta ameketi juu ya hori, miguu ameitanua, leso kiunoni. Askari wa kaunti walimbeba akiwa anawalaani kwa majina ya mama zao. Jioni ile Chelangat alimfuata kibandani kwake Bondeni kujaribu kuongea. Celestine hakumkaribisha kiti. Aliendelea kukung'uta makoti ya mitumba mpaka vumbi likamwingia mgeni machoni.

"Unadhani ni nyinyi tu mliumizwa?" Chelangat alisema akijifuta. "Watu wetu walifukuzwa hapa na wazungu, pamoja na ng'ombe wao. Mimi pia nataka hayo yaonekane."

"Basi jengea aibu yenu kwenu. Yetu iache."

Chelangat aliondoka kwa hasira. Tangu siku hiyo alisimamia lile hori kuliko sehemu nyingine yoyote. Alilisugulisha, akaziba kila ufa, akarudisha mfereji wake wa chuma wa kuleta maji mahali pake pa zamani. Msimamizi wa mafundi alipomuuliza kama haingekuwa bora wangoje mambo yapoe kidogo, alimjibu, "Huyo mama hataniambia vile nitafanya kazi yangu."

Siku ya ufunguzi simba alitema maji, wakubwa wakapiga picha, wakaenda zao. Vijana wakabaki. Mmoja alipiga magoti nyuma akalamba maji ya hori kama mbwa, wenzake wakicheka na simu mkononi. Kisha jamaa mwingine akamfunga mpenzi wake skafu shingoni, akawa anamvuta kwenda kunywa, huyo mpenzi akilia kama punda.

Celestine alikuwa amesimama kando ya ua wa bustani. Chelangat pia alikuwepo, na aliona yote.

"Niaje mathe," yule wa skafu akamwambia Celestine, "hebu tupishe, unaharibu picha."

Celestine akageuka. Alivuka barabara hadi kwa mafundi wa jua kali waliokuwa wakifua vyuma, akarudi na nyundo kubwa, akaupiga mfereji wa hori kwa nguvu zake zote. Chuma kikapasuka. Maji yakaruka, vijana wakatawanyika wakipiga kelele. Alikuwa ameinua nyundo mara ya pili Chelangat alipomshika mkono.

"Achilia!"

"Si umewaona? Si umewaona kwa macho yako?"

Chelangat alikuwa amewaona. Hata hivyo alimgeukia askari, nguo zimelowa chapa, akasema, "Mshike huyu."

Mahakamani Celestine alikubali kosa bila kuomba msamaha. Hakimu aliangalia umri wake akaamuru afagie ile bustani miezi mitatu. Chelangat akaweka mfereji mpya.

Basi kila asubuhi Celestine alifagia. Na kila mtu alipoinama kwenye hori kujichekesha, aligonga jiwe kwa mpini wa ufagio. "Simama! Hapa babu yangu alichapwa kama mnyama. Simama!" Wengine walimtukana. Wengine walisimama, wakauliza, naye akawaeleza kwa ukali uleule.

Siku moja Chelangat akaja. Alimsikiliza kwa mbali akiwaambia wanafunzi wa shule ya Kiamunyi habari za tangi mbili na udongo mweupe. Wanafunzi walipoondoka akasogea.

"Nilikosea kuliacha hori wazi bila mtu wa kueleza," alisema. "Nimefikiria tuweke kibao hapa, kiwe na jina la babu yako."

"Jina lake usiliguse."

"Basi unataka nini, mama?"

"Nataka utoe miguu nifagie."

Chelangat akasogea. Ufagio ukapita palepale alipokuwa amesimama, ukimrushia matone ya matope kwenye viatu.

Miezi mitatu ikaisha. Jumatatu iliyofuata askari wa bustani, Kigen, alimkuta Celestine ameshafika langoni, na ufagio alionunua mwenyewe. Akamkumbusha kwamba adhabu yake imekwisha.

"Najua," Celestine akasema. "Fungua lango."