Joto la Magunia

Jioni ile ng'ombe wa Efrazia alikataa kuingia ndani.

Alisimama mlangoni, kwato amezikita, pua zikitoa mvuke kwa baridi ya Julai, akaitazama nyumba kama mgeni. Na nyumba yenyewe alizaliwa humo. Ilikuwa nyumba ya mtindo wa zamani, kama chache zilizobaki Tlawi: watu upande mmoja, mifugo upande mwingine, katikati ukuta mfupi wa fito na udongo. Mama Rogathe, mama mkwe wa Efrazia, alilala kando ya ukuta huo kwa sababu pumzi ya ng'ombe ilimpasha mifupa. Walimjengea chumba cha bati. Akakifanya stoo ya viazi.

"Msukume huko nyuma," alisema Nikolausi, mume wa Efrazia, akivuta kamba.

"Asubuhi alitoka anayumba."

"Labda ni ndigana ya kupe."

"Ndigana, na jana alimaliza majani yote?"

Nikolausi akavuta tena, na ng'ombe akakaza shingo.

Efrazia aliwaza kuku. Asubuhi hiyohiyo waliwakuta wamekufa chini ya ule ukuta mfupi, manyoya safi, bila damu wala kamasi. Nikolausi alisema ni mdondo. Efrazia aliujua mdondo. Kuku huzubaa kwanza, huharisha kijani, shingo hupinda. Hawa jana yake walikuwa wakigombania mahindi. Lakini hakubisha, maana hakuwa na jina jingine la kuupa ugonjwa ule.

Kitu kipya kilichoingia nyumbani mle kilikuwa mkaa peke yake.

Bustani yake ya kabichi ilikuwa imechoka. Mbolea yote aliyoitia, mvua moja iliishusha bondeni. Dada yake Judith, aliyeolewa Basotu, alikuwa na matuta meusi ambayo wapita njia walisimama kuyatazama. Judith alichoma magunzi ya mahindi shimoni, yasifike majivu, yaishie kuwa mkaa, kisha akayamwagia maji ya ziwa mpaka mkaa ukaacha kulia. Akautandaza chini ya ng'ombe unywe mkojo, ndipo akauchanganya na samadi na kuupeleka shambani. "Usiuzike mkavu," alimwambia mdogo wake. "Mkavu una njaa. Utakula chakula cha kabichi kwanza."

Efrazia alifuata kila kitu isipokuwa maji. Kwa Judith ziwa liko chini ya nyumba. Tlawi, wakati wa kiangazi, chemchemi hutoa maji membamba kama uzi, na ndoo hubebwa kichwani kupandisha mlima.

"Maji ya kunywesha ng'ombe unataka kuunywesha moto?" Nikolausi aliuliza, na Efrazia akaona ni kweli. Wakaufukia mkaa kwa udongo, kama wafanyavyo wachoma mkaa, wakauacha siku kadhaa. Walipofukua, Efrazia alitia kiganja chake kwenye mkaa hapa na pale. Baridi. Kule chini kabisa mkono wake haukufika.

Mkaa wa juu aliutandaza upande wa mifugo. Wa chini aliutia kwa koleo kwenye magunia ya katani, akayapanga kando ya kitanda cha mama mkwe yangoje zamu yake.

Jana yake asubuhi Mama Rogathe aliamka anacheka. "Usiku huu miguu yangu imepata joto kama ya msichana!"

Mzee Hhando, jirani wa ng'ambo ya korongo, alikuwa amekuja kuomba chumvi. Alikuwa mjane, akiishi na mbuzi wake. "Rogathe, hilo ni joto la magunia au kuna mzee ameingia humu?"

"Mzee gani, wewe? Wewe mwenyewe unapashwa na mbuzi!"

"Basi mkwe wetu, nipe na mimi gunia moja. Mbuzi wangu wamechoka kunipasha."

Walicheka wote. Efrazia akampa gunia, na chumvi yake. Joto lile alidhani linatoka kwa ng'ombe, kwamba mkaa unalihifadhi. Hata alifurahi.

Leo mchana Mama Rogathe alilalamikia kichwa, akaenda kujilaza. Upepo ulikuwa mkali, wakamfungia mlango, wakaenda bustanini.

Na sasa ng'ombe hataki kuingia.

"Lete chumvi tumbembeleze," alisema Nikolausi.

Efrazia aliingia. Ndani kulikuwa na ile harufu ya moshi ya siku zote iliyokaa kwenye fito. Hakuna aliyeisikia tena.

"Mama, unaendeleaje?"

Sauti ikaja nzito kama ya mlevi: "Judith?"

Mama Rogathe hakuwahi kumchanganya na dada yake. Efrazia alimwinamia, na kichwa chake mwenyewe kikaanza kugonga. Akaegemea gunia ili asimame sawa. Katani ikaachia chini ya kiganja chake kama utando wa buibui, vidole vikaungua. Mkaa ndani ulikuwa mwekundu. Haukuwa na moshi wala ndimi za moto. Ulikuwa ukiwaka polepole, kimya, na kuila hewa ya nyumba.

Kila msimu wa baridi redio huonya watu wasilale na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Efrazia alisikia onyo hilo kila mwaka. Hakuwahi kufikiri kwamba gunia ni jiko.

"Nikolausi! Njoo!" alipiga kelele. Wakambeba mama na blanketi lake, wakamlaza nje kwenye majani. Nikolausi akarudi, akayaburuta magunia, na kila gunia lilipoguswa na upepo liling'aa. Akayamwagia ndoo yote ya maji ya ng'ombe. Mkaa ulilia kwa muda mrefu.

Mama Rogathe alitapika, akavuta pumzi, akawatazama mmoja mmoja. "Efrazia," alisema. Efrazia akamshika mikono, akalia.

Ndipo mama akageuza kichwa, akatazama ng'ambo ya korongo. "Hhando alichukua gunia?"

Mlango wa Hhando ulikuwa umefungwa mapema kwa ajili ya baridi. Mbuzi wake walisimama nje, wamejikusanya mbali na nyumba.

Efrazia alishuka korongo akikimbia na kupanda upande wa pili, kifua kinamwuma. Aligonga. Akagonga tena, akaita, "Mzee! Mzee Hhando!"

Sauti ikatoka ndani, laini, yenye usingizi, yenye furaha.

"Karibu, mkwe wetu. Ingia ufunge mlango. Leo humu kuna joto zuri sana."

Efrazia aliusukuma mlango kwa bega.