Barua ya Kumtoa Binti Chini

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, hoteli ilipoletewa mashine ya kukaushia nguo. Fundi viatu anaikumbuka saa kwa sababu aliitwa kusaidia kuishusha ngazini, akapewa soda, akajiona mwenye bahati.

Kabla ya hapo mkewe alikuwa dobi wa uani hapo hotelini, anaanika mashuka juani kutwa. Baada ya hapo ua ukawa maegesho ya wakubwa, naye akahamishiwa chumba cha chini kisicho na dirisha. Akawa anaingia jua halijatoka na kutoka limeshazama. Mwaka wa tatu vidole vikamvimba, kufunga kifungo hawezi. Hospitali wakasema ni baridi yabisi. Vitamini D kwenye damu ikasoma tisa, na pembeni mshale unaoelekea chini. Akaambiwa aote jua. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Taratibu, akajibu kwamba jua halimo kwenye ratiba. Mke akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, hakupona. Hoteli ilileta shada la maua, na aliyelileta akaulizia sare.

Sasa binti yao ndiye aliye kwenye ile mashine, na siku hizi ameanza kumwomba baba yake amfungulie chupa ya maji.

Fundi viatu alimwendea Bwana Taratibu, akataka binti apelekwe bustanini. Bwana Taratibu hakukataa. Watu wa namna yake hawakatai. Alitaka tu barua ya daktari inayosema kwamba chumba ndicho kilichomtia ugonjwa.

Binti akapimwa. Ugonjwa ni uleule wa mama. Vitamini: kumi na moja.

“Umempita mama yako kwa mbili,” baba akasema. Binti hakucheka.

Daktari, mwanamke kijana, alimwandikia dawa, kisha barua. Fundi viatu aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Upungufu wa vitamini ulikuwemo, mifupa ilikuwemo, jua lilikuwemo. Akauliza chumba kiko mstari gani.

“Mzee wangu, siwezi kuandika nisichokijua. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi vitamini yao iko chini. Wengine ni kwa sababu maumivu yamewafungia ndani.”

“Huyu alifungiwa ndani akiwa mzima.”

“Naelewa.”

“Kama unaelewa, andika.”

Daktari akaongeza mstari mmoja: mgonjwa alifanya kazi pasipo jua kwa miaka minne kabla ya kuumwa. Zaidi ya hapo kalamu haikwenda. Alisema wataalamu bado wanachunguza kama kukosa jua huleta ugonjwa huo. Fundi viatu akataka kujua ni wangapi kati yao wanaofua mashuka.

Barua ilikaa kwa Bwana Taratibu siku sita. Ya saba binti alirudi nayo nyumbani, akamshikisha baba yake, akaenda kuloweka mikono kwenye maji ya moto. Haikukataliwa wala kukubaliwa. Chini yake palikuwa na mwandiko mzuri wa penseli:

“Daktari afafanue: kilichotangulia ni kipi, ugonjwa au upungufu?”