Zambarau kwenye Mfarishi wa Verlon

Bernadine Kowalik na mumewe walifua nguo za mji wetu kwa miaka thelathini na moja, kwa ile dawa inayotoa madoa bila maji. Mume alikufa, duka likafungwa. Ndipo sisi wapima maji wa hapa Ohio tukagundua kwamba dawa ilikuwa ikivuja sakafuni miaka yote hiyo, ikazama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kisima cha kwanza kukutwa na sumu kilikuwa cha jirani yake, Verlon Haskett, fundi bomba mstaafu aliyefiwa na mkewe.

Bernadine akajifungia ndani kwa aibu.

Mwezi wa tano tulitoboa mashimo, tukasukuma humo kemikali ya pamanganeti iliyoyeyushwa kwa maji, ya rangi ya zambarau iliyokoza, ambayo ikiigusa ile sumu huivunjavunja. Siku ya tatu nilisukuma kwa pupa. Maji yakapata upenyo, yakaibukia kwenye chumba cha chini cha Verlon.

Nilizima pampu nikakimbia. Nilimkuta amekumbatia mfarishi wa viraka ulioshonwa na marehemu mkewe, nusu nzima zambarau.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Hii ikikauka inakuwa kahawia. Haitoki tena."

"Nani kasema haitoki?" Bernadine alikuwa mlangoni, kandambili miguuni, glavu mkononi. "Verlon, lete siki. Na ile dawa yako ya kuoshea vidonda, inayotoa povu."

"Siki ya nini, tunatengeneza kachumbari?"

"Lete, usinibishie!"

Alivichanganya na maji, akajaribu kwenye ncha moja kwanza. Povu likapanda, zambarau ikafifia. Alisugua taratibu, kiraka baada ya kiraka, kisha mikono ikasimama.

"Verlon, kisima chako. Ni sisi tulioharibu."

"Najua. Barua nilipata."

"Na hukuja kunitukana?"

"Nilikuja mara tatu, mama wewe, hukufungua. Mara ya kwanza, kukutukana kweli. Ya pili nilileta keki."

"Na ya tatu?"

"Kuona kama bado u hai."

Bernadine akainamia mfarishi, akasugua huku machozi yakimtoka.

Haikuwa kazi ya mara moja. Sumu ilishuka, halafu msimu wa majani kupukutika ikapanda tena, maana nyingine ilijificha kwenye udongo wa mfinyanzi na kujitoa polepole. Tulirudia mara mbili. Mwaka wa tatu nilimpelekea Verlon majibu: kisima ni salama. Niliwakuta wote wawili mezani, wanakula pierogi, vile visambusa vya kuchemsha vya kabichi, alizopika Bernadine, wanabishania chumvi.

Verlon alisoma barua, akatoka, akarudi na glasi ya maji ya kisimani. Akaiweka mbele ya Bernadine.

"Anza wewe."

Bernadine alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanywa, akakunja uso.

"Yana ladha ya kutu."

"Hayo ni mabomba yangu," Verlon akasema. "Hilo huna hatia nalo."