Kiti Kilichonituma Posa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimetumwa posa na kiti.

Si kiti cha plastiki. Kilikuwa kiti cha enzi cha Uhispania, chenye miguu ya simba na mto mwekundu uliobonyea katikati, kwa sababu Wahispania walikuwa wametoka kumfukuza malkia wao na joto lake lilikuwa bado halijaisha. Kilinikuta sokoni Korogwe nikichagua nyanya.

"Shikamoo, Mzee Singano. Nasikia wewe ni mshenga."

"Marahaba. Mshenga ndiye mimi."

"Nitafutie mfalme. Nimekaa wazi mpaka watu wameanza kuniwekea makoti."

Nikakieleza kwamba kwetu anayeposwa hatumi mshenga, hungoja kwao. Kikajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kikainama kweli, mto ukaanguka kwenye nyanya.

Ninauokota mto, ninainua kichwa, soko halipo. Niko Ulaya nagonga milango ya wana wa wafalme. Mmoja anasema ana mafua. Mwingine anauliza malkia alitokea mlango upi. Namwambia wa nyuma, naye anafunga wa mbele.

Ujerumani nikamkuta mwana wa mfalme ndani ya beseni la maji ya moto. Alikuwa sharubu tupu, bila uso wala mtu.

"Nakubali," ikasema ile Sharubu. "Ila sina cha kukalia."

Nikamwambia hilo litazungumzika. Hapo hapo dirisha la nyumba ya pili likafunguka, pazia likatoka nje kama ulimi. Lilikuwa Dirisha la Ufaransa, na lilikuwa limesikia yote.

"Huyo akikaa Uhispania, nitakuwa na Mjerumani mbele na Mjerumani nyuma," likasema. "Nitapumulia wapi?"

Nikatazama uwanja uliokuwa kati ya nyumba hizo mbili. Majeshi mawili yalikuwa yamejipanga, na katikati mstari wa chokaa. Juu ya mstari huo kinyozi mmoja aliyevaa sare ya Kijerumani, Oto, alikuwa akimnyoa ndevu Anselmi, askari wa Ufaransa. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ni maadui.

"Mzee," Oto akaniuliza, wembe mkononi, "vita vipo au havipo? Nijue kama ninyoe na upande wa pili."

"Nyoa, mwanangu. Hii ni kazi yangu."

Nikarudi mbio kwenye beseni. Sharubu haikuwa mbishi. Ikasema basi, kiti haikitaki tena. Nikalipelekea Dirisha habari hiyo njema. Jirani mwenye choyo humjui mpaka umpe alichoomba. Likadai Sharubu iape haitakitaka milele, yenyewe na wajukuu wake.

"Nimesema sitaki," Sharubu ikafoka, ikatikisa maji. "Niape na kuapa?"

Ikabidi nipeleke jibu la kukataa. Sikuogopa, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. "Hataki" haiachwi itoke nyumbani uchi; huvikwa kanzu, koti na kofia kwanza. Nikaandika salamu, nikauliza hali ya pazia, nikasifu vioo, nikasema mlango haujafungwa, ni miguu tu imechoka kwa maji ya moto.

Kwenye posta ya simu za maandishi alikuwapo Mkasi, amevaa kofia ya serikali.

"Maneno mengi," akasema. "Waya utachoka."

Akaanza kukata. Salamu zikaanguka, pazia likaanguka, vioo vikaanguka. Mimi natambaa sakafuni naokota adabu zangu, yeye anakata tu. Mwisho likabaki neno moja: Hataki.

"Maana ni ile ile," akasema Mkasi.

"Si ile ile hata kidogo! Watu watakufa!"

"Mimi nakata karatasi, mzee. Kuua ni ofisi nyingine."

Dirisha likasoma, likapasuka. Tarumbeta zikalia. Anselmi akasimama na ndevu upande mmoja, akanitazama bila hasira.

"Mzee, si ulimwambia anyoe?"

Nimefukuziwa mbwa kwenye posa, nimemwagiwa maji, lakini aibu kama ile sijapata kuiona. Oto akaufuta wembe kwa suruali yake, kila mmoja akavutwa kola na afisa wake, na moshi ukawafunika.

Nikakimbilia kile kiti, nikakiambia watu wanauana kwa ajili yake.

"Watu gani?" kikauliza. "Mimi nimeshapata Mwitaliano. Kaja na sanduku dogo, hatakaa sana."

Nikapiga kelele, nikaamka.

Mke wangu, Mama Mwantumu, alikuwa amesimama mlangoni na simu yangu. Ilikuwa ikilia tangu alfajiri, akasema. Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya kulala nilimwandikia Mzee Shekigenda majibu ya posa ya mpwa wake, ambaye binti amemkataa. Niliandika ujumbe mrefu, nikausoma mara mbili, nikaridhika nao: salamu, dua, sifa za kijana, mambo ya masomo, subira.

Nikaifungua simu. Lilikuwa limekwenda neno moja tu: Hataki.

Chini yake kulikuwa na jibu la Mzee Shekigenda, nalo fupi: Tunakuja wote.

Mke wangu akauliza kama hao wageni watakunywa chai. Nikamwambia abandike maji, na mchi wa kinu akaufiche kwa jirani.