Polishi ya Mzee Wangwe

Mwaka ule wa tisini na nne, sukari ilipokuwa adimu, Mzee Wangwe wa Migori alikuwa na dawa ya mali iliyomlalia holselini, duka lake la jumla. Ukitaka gunia la sukari kwa mkopo, ulibeba pia polishi ya viatu. Ukikataa polishi, sukari huioni.

Emmaculate, au Mama Terry kama wengi walivyomwita, alikuwa na duka dogo kule Karungu, na wateja wake wengi walitoka ziwani miguu mitupu. Sukari iliisha upesi. Polishi ikabaki imejaza rafu, nyeusi kwa kahawia, kana kwamba kijiji kizima kinajiandaa kwa gwaride.

Jumamosi Mzee Wangwe akapitia dukani. Kesho yake angekuwa mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa la kanisa.

"Mzee, niletee sukari tu," Emmaculate alimsihi. "Bila sukari nitafunga duka. Na hii polishi yako uichukue."

"Mama Terry, polishi ikitoka kwenye rafu, sukari inakuja. Si kabla."

"Basi niwagawie watu?"

"Thubutu!" Akawageukia waliokuwa pale dukani, apate wa kucheka naye. "Mpaka ilipwe, hiyo ni mali yangu. Yangu, Wangwe! Mmesikia?"

Walisikia. Nyanchama, jirani aliyeuza dagaa wa omena, alisikia vizuri zaidi, na jioni akaja na mkokoteni wake bila kuitwa.

Jumapili Mzee Wangwe alihutubia kuhusu ukarimu hadi watoto wakalala, kisha akatoa bahasha nyembamba. Ndipo vikaja vitu vya mnada: kuku, mkungu wa ndizi, na nyuma yake mkokoteni.

"Pasta," Emmaculate alisema, "katoni hizi za polishi zilikuwa dukani kwangu, lakini ni mali ya mgeni wetu. Jana alitukumbusha mwenyewe."

"Tulisikia!" Nyanchama akadakia.

Vigelegele vikapasua mabati machache yaliyokuwepo. Pasta alimkumbatia mzee. Mnada ukaanza. Nani angenunua? Macho yote yakarudi kwa mtu pekee aliyevaa viatu vya ngozi. Desturi ya harambee ni moja: kitu kikikosa mnunuzi, mgeni wa heshima hununua. Mzee Wangwe akanunua polishi yake mwenyewe, na bahasha ya pili haikuwa nyembamba.

"Mama Terry," alinong'ona akipangusa jasho, "umenimaliza."

"La, Mzee, deni la sukari nitalipa kama kawaida. Ila rafu sasa ni tupu," Emmaculate alijibu, bila kunong'ona. "Uliniambia polishi ikitoka, sukari inakuja."

Watu wakasogea karibu wapate kusikia.

"Itakuja," mzee alisema.

"Amina!" Pasta akaitikia.

Sukari ikaja Jumanne, peke yake. Kilo ya kwanza Emmaculate hakuiuza. Aliifunga kwenye gazeti, akampelekea mwenye mkokoteni.