Wanaotajwa na Heriel

Baada ya swala ya alasiri Bibi Sofia alikuwa uani anageuza vitumbua, na Steven, muuza suruali za mitumba, akaja kununua huku mdomo wa juu umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyigu. Kitumbua cha kwanza kilimshinda. Akakikatakata na kuvipitisha vipande pembeni mwa mdomo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jana ulikuwa nani?"

"Adui. Nilikuwa nashika mlango wa ghala. Steringi kanipitia na kiwiko, hata hakunitazama."

"Chovya kwenye chai, kitalainika," Bibi Sofia akasema.

Jambo hilo lilijulikana na mtaa mzima, kuanzia pale uchochoroni hadi barabara ya Msimbazi. Nyuma ya nyumba aliyokaa Bibi Sofia, likichangia ukuta mmoja na chumba cha mwisho, Heriel alikuwa na banda la video: mabenchi, televisheni kubwa, spika, na feni iliyozungusha joto lile lile. Filamu zake zilikuwa za Kichina, za Kikorea na za Kimarekani, na zote zilijaa ngumi. Watazamaji wake, wabeba mizigo na machinga waliochoshwa na jua la Kariakoo, hawakuzijua lugha hizo, kwa hiyo Heriel alikaa pembeni na maiki akitafsiri papo hapo. Yeye mwenyewe hakuijua hata moja. Alitazama midomo na macho ya watu, akasema kinachofaa kusemwa, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa, steringi, yaani shujaa wa filamu, na maadui wakubwa walikuwa na majina yao. Wale wadogo, wanaokuja kwa wingi kupigwa na kuanguka, hawakuwa nayo, na Heriel aliona vibaya mtu kuanguka bila jina. Basi akawapa majina ya watu wa mtaani. "Huyu ni Steven huyu. Suruali zimekosa wateja, kaamua aje kupigana. Haya Steven, kazi kwako." Banda zima likacheka. Kesho yake Steven akaamka na jicho jeusi.

Watu walizoea upesi. Aliyetajwa alipata kile kile alichopata mwenzake wa kwenye kioo: kama ni teke la mbavu, teke la mbavu, kama ni kiti cha mgongoni, basi kiti cha mgongoni. Risasi iliacha doa kama la kuumwa na mbu, na homa. Wale wa kutupwa kutoka ghorofani Heriel aliwapa majina ya watu wa mtaa wa pili, na huko ndiko malalamiko yalikoanzia. Hapa kwao mtu akivimba aliulizwa ni filamu gani, akajibu, akapewa barafu, akaenda kufungua biashara.

Katika chumba cha mwisho, kile kilichopakana na banda, alikaa Husna na mumewe Anuari, mwenye duka la jumla la vitenge. Anuari alikuwa mtu wa watu. Msibani alikuwa wa kwanza kuleta turubai na wa mwisho kulikunja. Mkewe alikuwa anavimba kuliko mtu yeyote mtaani.

"Heriel huyo tena," Anuari alikuwa akisema, akitikisa kichwa. "Yule kijana ana mdomo."

Heriel naye aliamini. Akaja na machungwa kwenye mfuko, akachuchumaa mlangoni pao.

"Dada Husna, nisamehe. Sikumbuki hata nilikutaja lini. Mdomo wangu unanitangulia."

"Nimekusamehe," Husna akasema, maana mumewe alikuwa amesimama nyuma yake. Anuari alichukua chungwa moja, akalimenya pale pale.

Husna alishajaribu kuondoka. Mama yake alikaa Kigamboni, ng'ambo tu. Lakini kila alipofika Kivukoni, Mjumbe Marcelino na wazee wa mtaa walikuwa wameshamfuata, wakamkuta kabla pantoni halijafungua mlango, wakamrudisha kwa maneno mazuri. "Mwanamke havunji nyumba kwa sababu ya filamu," Mjumbe alimwambia njiani, na alimbebea furushi mwenyewe.

Kisha siku moja Heriel alikosa majina, akamtaja Mjumbe. Mjumbe Marcelino akaamka na jino linalocheza, akaitisha mkutano.

Walikutana uani kwa Bibi Sofia, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli na chai. Mjumbe alisema filamu za ngumi zinaharibu jamii. Vijana wanatazama kupiga, wakitoka wanapiga. Mama mmoja muuza ndizi akaunga mkono: wakitoka mle wanatembea mikono wameikunja.

"Mjumbe," Steven akasema, "mimi nazitazama tangu niko mdogo na sijampiga hata kuku."

"Wewe ndiye unayepigwa," mama wa ndizi akasema. "Kuku utampiga saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mjumbe akasubiri, kisha akafunua mdomo na kulisukuma jino kwa ulimi ili wote walione. Hapo mjadala ukaisha. Banda likafungwa kwa kufuli.

Haikupita muda mtaa ukanywea. Nyuso zikarudi kwenye ukubwa wake, homa za mtaa wa pili zikakoma, jino la Mjumbe likashika. Muuza barafu akahamia Ilala. Steven alikula vitumbua vizima vizima bila kuongea, na kila mtu alisema kumbe ilikuwa filamu kweli.

Asubuhi moja Husna akaja bombani kuchota maji kwa mkono mmoja. Mwingine ameukumbatia kifuani. Sikio lilichanika pale hereni ilipokuwa. Bibi Sofia akamtazama, akaipua kikaango, akafunika moto kwa majivu, akaenda kwa Mjumbe.

"Mjumbe, banda si limefungwa?"

"Limefungwa, mama. Ufunguo ninao mimi."

"Husna kaumizwa jana."

Mjumbe alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Itakuwa filamu ya zamani hiyo," akasema. "Kuna nyingine zinakawia kutokea mwilini."

"Ni mkono wa mumewe. Nimesikia kwa masikio yangu, na safari hii hapakuwa na spika."

Mjumbe Marcelino alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyekuambia ameona maji yakipanda mlima.

"Anuari? Huyu Anuari wa turubai? Mama, tusiseme vitu visivyowezekana."

Banda likafunguliwa tena, maana Heriel naye ana tumbo, kwa sharti kwamba asimtaje mtu yeyote wa mtaa ule wala wa jirani. Kabla ya kuwasha mitambo alipita kwanza kwa Bibi Sofia, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kwa hiyo la Husna si mimi."

"Si wewe."

"Halijawahi kuwa mimi."

"Halijawahi, mjukuu wangu. Wewe uliuogopa mdomo wako bure."

Heriel alishusha pumzi ndefu, mpaka mabega yakashuka. "Na machungwa yangu yote yale," akasema, na sura ikabadilika. Jioni ile alivunja sharti. Kulikuwa na mlinzi wa adui mkuu, jitu nene, ambaye steringi alimpiga kwa zamu akishirikiana na babu yake. Heriel akalipachika jina la Anuari, akalitamka polepole, silabi kwa silabi.

Kesho yake Anuari aliamka na uso kama fenesi. Mtaa mzima ukaja kumpa pole. Mama wa ndizi alileta uji, msikitini wakamwombea dua, Mjumbe akaja na mafuta ya kuchua. Heriel alikemewa mbele za watu hadi akainama. Husna ndiye aliyemkanda mumewe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Na kabla uvimbe haujaisha, Anuari, kitambaa bado amefungwa kichwani, akampiga tena, kwa kuwa maji yalikuwa ya moto mno.

Watu walisema hasira za filamu zimemwingia.

"Hakujifunza," Heriel akamwambia Bibi Sofia.

"Kipigo kingemfundisha nini? Hicho ndicho pekee anachokijua." Bibi Sofia alikuwa anachagua mchele, akatupa kijiwe. "Niambie kitu. Kwenye hizo filamu zako, wote wanapigana? Hakuna hata mmoja anayejiondokea zake?"

Heriel akafikiri. "Yupo mmoja. Mwanzoni kabisa, maadui hawajaja kuchoma kijiji. Mwanamke anatoka na furushi, anavuka daraja, basi, hatumwoni tena. Hana jina. Huwa anapita watu bado wanagombania kukaa."

"Anafuatwa?"

"Nani amfuate, Bibi? Filamu inataka kuanza."

"Kamuulize Husna kwanza. Usimtaje mtu bila ruhusa, imeshatosha."

Heriel akamkuta Husna anaanika nguo, akamweleza huku anashika upande wa pili wa shuka ili likunjuke. Husna alisikiliza yote. Akauliza swali moja tu.

"Huko anakoenda anapata nini?"

"Sijui, dada. Kamera haifiki."

Husna akapiga kibanio kwenye kamba. Akapiga cha pili. "Nitaje," akasema. "Na useme hakuna anayemfuata. Hilo useme vizuri, lisikike."

Siku hiyo Heriel aliwataka watu wakae mapema, na waliokuwa wanagombania benchi aliwatenganisha mwenyewe. Mwanamke akatokea kwenye kioo, mgongo kwa watazamaji, furushi kichwani.

"Huyu ni Husna," Heriel akasema kwenye maiki. Hakutia mzaha wowote. "Anatoka kwake asubuhi. Anavuka maji. Hakuna anayemfuata."

"Mbona huyu hapigwi?" Steven akauliza kutoka benchi la nyuma.

"Huyu hapigwi," Heriel akasema.

Kisha maadui wakaja na farasi, na kazi ikaendelea kama kawaida, bila majina.

Asubuhi Husna alifunga nguo zake kwenye kanga, akamwamkia Bibi Sofia, akaondoka kwa miguu kuelekea Posta na kutokea Kivukoni. Hakukimbia. Alipita mbele ya duka la mumewe kwa sababu ndiyo njia. Anuari alimwona, akanyanyuka, akajikuta ameketi tena juu ya marobota ya vitenge. Akanyanyuka, akaketi. Akatuma mtu kwa Mjumbe.

Mjumbe Marcelino alivaa viatu, akatoka hadi mlangoni, akarudi, akavua viatu. Akanywa chai. Akavaa tena, akafika mlangoni, akarudi. Viatu havikuwa na kosa lolote, na miguu ilikuwa haimuumi. "Leo haiwezekani," akamwambia mkewe, akaenda kujilaza. Wazee wengine nao kila mmoja alikumbuka yuko nyumbani, akabaki nyumbani. Ng'ambo ya pili pantoni likafika, likateremsha watu na mikokoteni, na Husna miongoni mwao.

Bibi Sofia alipopata habari kuwa amefika, ndipo alipogundua hajala tangu alfajiri. Akala sahani nzima ya wali, akaongeza.

Anuari alisema filamu imemchukulia mke, akapewa pole nyingi. Kwa tukio hilo Mjumbe akabandika tangazo mlangoni mwa banda: filamu za ngumi marufuku, zinaharibu jamii. Heriel hakubisha. Anaonyesha mpira na harusi za Kihindi, na maiki ameiweka darini. Anasema siku hizi analala vizuri. Mtaani hakuna aliyevimba, na ukipita jioni unasikia watu wakilalamikia penalti, ni raha tupu.

Anuari amechumbia Mbagala. Bibi Sofia alimpelekea shangazi wa binti ujumbe kupitia muuza kuku, akimwambia wazi mkono wa mtu yule ukoje. Shangazi alimjibu kwa heshima. Alishukuru kwa moyo wake mwema, akasema wao walishafika Kariakoo kuulizia, wakaonyeshwa tangazo mlangoni mwa banda, kwa hiyo hawana wasiwasi.

Bibi Sofia akatuma ujumbe mwingine. Anaendelea kutuma.

Jumapili moja baada ya misa alivuka kwenda Kigamboni. Alimkuta Husna kwa mama yake, anakaanga samaki nje kwa ajili ya kuuza, sikio limeshaunga, mkono unazungusha kikaango bila shida. Jirani mmoja wa pale, mwanamke mkarimu, alikuwa amekaa kigodani akisubiri samaki wake waive.

"Nasikia ulikuwa umeolewa Kariakoo," jirani akasema. "Ukaumia."

"Mume wangu alikuwa ananipiga," Husna akasema.

Jirani akatikisa kichwa kwa huruma. Habari za banda lile zilishavuka maji. "Pole, mdogo wangu," akasema. "Ilikuwa filamu gani?"

Husna alimtazama Bibi Sofia. Bibi Sofia alimtazama Husna. Wakaanza kucheka, mmoja akimshika mwenzake bega, wakacheka hadi samaki mmoja akaungua, na jirani naye akacheka kwa kuwasindikiza, ingawa alikuwa bado anangoja jibu.

Mchana ule, samaki walipoisha, Husna alijitupa mkekani mlango ukiwa wazi, miguu imetokeza hadi kizingitini. Akalala akikoroma kama mbeba mizigo. Watu walioingia na kutoka walimruka, kila mmoja akiinua mguu juu zaidi ya ilivyohitajika, na hakuna aliyemwamsha.